Mikono Safi ya Zarwali

Kwa miaka tisa Zarwali alikuwa karani wa vitambulisho wilayani, na kwa miaka hiyo tisa kijijini kwao alijulikana kama muuza mbegu. Angalau ndivyo alivyojipa moyo. Kila alasiri, kabla ya kupanda gari la kurudi, alishuka kijitoni nyuma ya ofisi akasugua vidole kwa majivu na limau mpaka wino wa muhuri utoke wote. Wenye bunduki wa mlimani, waliowawinda watumishi wa serikali, walikuwa na kizuizi pale darajani, na karani aliyemtangulia walimtambua kwa doa dogo tu la wino kwenye kidole gumba. Alizikwa siku ya pili yake.

Tuseme ukweli, Zarwali alikuwa mwoga, na uoga huo ndio uliomlisha mkewe na mabinti zake watatu. Simu hakubeba, wala kalamu.

Siku hiyo alisugua kama kawaida, akapanda gari. Walipofika darajani kijana mwenye bunduki akachungulia dirishani.

"Mikono!"

Abiria wakanyoosha mikono. Ilikuwa myeusi yote, maana ulikuwa msimu wa kumenya jozi, zile kokwa za mitini, na ganda bichi la jozi likikugusa linakuachia weusi wa wiki tatu. Wilaya nzima ilikuwa na mikono myeusi. Zarwali akatazama yake, safi mpaka kucha. Jozi zao alimwachia mkewe.

"Wewe huna miti?"

"Na... nauza mbegu, ndugu yangu."

"Mbegu msimu huu? Shuka."

Zarwali akang'ang'ania kiti. Akilini aliwaona wanawe watatu, akaona na kaburi la yule karani mwenzake. Ndipo bibi mmoja aliyekaa nyuma, akisindikizwa na kaka yake, akapaza sauti ndani ya burka.

"Mchukueni! Mkwe wangu huyo, mvivu namba moja! Binti yangu anamenya jozi mpaka kucha zinang'oka, yeye miguu juu, chai mkononi! Mkamfundishe kazi huko, mtakuwa mmeniokoa!"

Yule kijana akacheka mpaka bunduki ikatikisika begani. "Mama, hata sisi hatumtaki." Akamchapa Zarwali kofi la kisogo. "Kesho nikukute mikono myeusi, bwege we."

Gari likaondoka. Zarwali akageuka, machozi yanamlengalenga. "Mama, Mungu akulipe."

"Asinilipe bado. Karatasi ya kitambulisho ya mjukuu wangu ina wiki mbili mezani kwako, na bila hiyo hospitali ya mjini hawampokei. Kesho nakuja dirishani."

"Na ya shemeji yangu, karani," dereva akasema bila kugeuka. "Usiisahau."

Zarwali alifika nyumbani hata salamu hakutoa, akazamisha mikono yote miwili kwenye beseni la maganda. Mkewe, Torpekai, akaacha kumenya.

"Kulikoni?"

"Wananijua." Akazidi kusugua maganda. "Dereva ananijua. Gari zima wananijua, Torpekai. Mmoja akiropoka tu, nimekwisha."

Torpekai akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

"Baba watoto," akasema taratibu, "kwani kuna asiyekujua?"