Kumbe jaja hakuchoma karatasi

Jamani, leo jaja, mamake baba, ametuacha midomo wazi.

Miaka yote alisema karatasi za babu, aliyekuwa mbunge, alizichoma wanajeshi walipozitafuta.

Leo mhifadhi wa nyaraka kafika kwetu Mbale kutoka Jinja kuziulizia. Nikamwomba radhi: "Bwana, umesafiri bure."

Jaja akamuuliza, "Mkizichukua, nitaruhusiwa kuja kuzisoma?"

"Siku yoyote, jaja."

"Basi inueni godoro langu."

Barua! Vipande vya magazeti!

Na nusu ya vipande vinamhusu jaja mwenyewe, akihutubia wanawake sokoni. Hakuwahi kutuambia.

Mhifadhi akauliza aandike jina gani kwenye boksi.

"Langu na la mume wangu," akasema. "Langu lianze."

Wenye majaja, waulizeni leo.