Minza Alivyolala Kipupwe Chote

Mwaka ule wa ruksa, biashara ilipofunguliwa na maroli ya mitumba yakaanza kumwaga makoti pale mjini Mazwi, Minza alijinunulia koti moja nene, akajiona ameimaliza baridi ya Ufipa. Maskini! Mtu wa Kaoze, kule bondeni unakotoka jasho hata ukiwa umekaa, angekijulia wapi kipupwe?

Alikuwa mjane wa Kisukuma, mdomo mwepesi, mikono haijui kupumzika. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kwa ugonjwa, ndipo akapanda juu kuomba shamba. Kijiji kikampa eka tatu, ila kwa sharti. Watu wa bonde walikuwa wamewachosha wenyeji: wanagawiwa ardhi Mei, Juni baridi ikiwashika, hao wameteremka, shamba linabaki pori. Mwenyekiti, mzee Leonardi, akamwambia bila kuzunguka, "Lala shambani mwezi mzima. Nyumba usijenge kwanza. Ukikimbia, anapewa Urbano." Huyo Urbano alikuwa jirani wa mpakani, na eka zile alizitaka kufa na kupona.

Minza akakubali. Hakuwa na pengine pa kwenda, huo ndio ukweli.

Siku ya kwanza alilala chini, siafu wakamfukuza. Ya pili akatoa wavu wa marehemu mumewe, ule aliokuwa akivulia Ziwa Rukwa, akaukunja mara tatu, akaufunga kati ya mikaratusi miwili na kutundika turubai juu kama paa. Akapanda humo na koti lake na blanketi mbili. Wee! Baridi ilimwingia mgongoni kama anamwagiwa maji ya kisima. Akaongeza blanketi ya tatu, akaongeza ya nne. Wapi! Kifua kinatoka jasho, mgongo unaganda. Siku ya sita midomo imepasuka, meno yanagongana, akaanza kukunja vitu vyake huku machozi yakimlenga.

Hapo ndipo alipopita Hilaria, mama mtu mzima wa Kifipa, akienda kuvuna ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unafunga mizigo?"

"Baridi yenu imenishinda. Blanketi nne, mgongo bado barafu!"

Hilaria akainama kuchungulia chini ya wavu, akacheka mpaka akakaa kitako. "Hizo nne zote umeziweka juu! Huku chini upepo unajipitia tu, hauna hata wa kumwomba njia."

"Chini si nimelalia koti?"

"Umelilalia, ndiyo, limebanwa limekuwa karatasi. Wewe hujaona matuta yetu? Majani yanakaa wapi?"

 Minza alikuwa ameyaona sana matuta yale ya mviringo, yaitwayo ntumba, ambamo Wafipa hufukia majani chini na kuweka udongo juu. Aliyacheka pia, tena kwa sauti. "Hawa wanazika nyasi kama maiti," alikuwa amewaambia watu kisimani. Sasa aibu ikamshika kwelikweli.

"Chini," akajibu polepole.

"Haya basi! Lete kisu."

Wakafumua magunia mawili, wakayashona pamoja, wakayaninginiza chini ya wavu kama kitanda cha pili, wakayajaza nyasi kavu. Minza akaanza kuzishindilia kwa ngumi. Hilaria akampiga kofi mkononi. "Acha! Zikae zimelegea. Uzito wako ubebwe na wavu, nyasi zisibanwe kabisa." Usiku ule Minza alilala, akaja kuamshwa na jua. Alikuwa na furaha mpaka akawa anaimba peke yake shambani.

Lakini Urbano hakulala. Akaenda kunong'ona kwa mwenyekiti kwamba yule mama analala Mazwi kwa ndugu zake, asubuhi anakuja kwa baiskeli kuwazuga. Nyumba hana, kitanda hana, nani atalala hewani Juni hii?

Asubuhi ya siku ya thelathini, nyasi zimepiga weupe wa sakitu, Minza alikuwa akipanda kutoka kijitoni na ndoo ya maji kichwani. Akawaona wanaume wanne chini ya mikaratusi yake. Moyo ukampasuka pa!

"Mnaona wenyewe?" Urbano alikuwa akisema. "Hayupo!"

 Mzee Leonardi aliingiza mkono kati ya wavu na nyasi, akauacha humo kitambo. Akawaita wajumbe wawili wa kijiji aliokuja nao, nao wakaingiza. Kisha akamgeukia Urbano. "Na wewe tia mkono."

Urbano akatia. Akautoa upesi, akatazama pembeni.

"Shikamooni, wazee!" Minza akapaza sauti. "Jamani, mnatafuta nini kitandani kwa mjane?"

Wajumbe wakaangua kicheko. Leonardi mwenyewe hakucheka. "Bado pana joto la mtu hapa," alisema. "Jenga nyumba yako, mama."

Minza akatua ndoo chini, akalia palepale mbele yao, wala hakujifuta.