Mbuzi Aliyekula Kitenge Changu

Roboti ilimtoa mama yangu uvimbe tumboni, na huo uvimbe ulikuwa na maua.

Msinicheke. Someni kwanza.

Mimi ni Soudi, nauza vipuri vya pikipiki hapa Kasuku, mjini Kindu, Kongo. Mama yangu, Mwanahamisi, anaumwa tumbo tangu nipate akili. Ukimwuliza, anasema ni gesi.

Gesi gani ya miaka ishirini?

Mwaka jana tumbo likawa gumu. Picha zikaonyesha uvimbe umeshikana na utumbo. Nikachanganyikiwa, usingizi ukapaa. Nikampeleka India.

Huko tukaambiwa atapasuliwa kwa roboti. Ina mikono minne; daktari anakaa pembeni, macho kwenye skrini, anaiendesha kwa vidole. Mama akagoma.

"Ile mashine haina kinywa," akasema. "Nani atasema Bismillahi mbele ya kunipasula?"

Kwetu hata kuku hachinjwi bila Bismillahi, sembuse mama yangu.

Aliyetuokoa ni Florentin, muuguzi Mkongo aliyekuwa akitutafsiria.

"Mama, mimi niko Mukatoliki," akamwambia. "Lakini nitasema mimi."

Mama akakubali.

Nikabaki kwenye korido. Nakaa, nasimama, nasoma bango lile lile nisilolielewa. Niliogopa, sifichi.

Florentin akatoka uso umembadilika. Mama ni mzima, akaniambia, ila haukuwa uvimbe. Ni kitambaa, mwili umekizungushia nyama. Akanionyesha picha kwenye simu: kitenge cha buluu, maua ya manjano.

Nusu ya kitenge hicho ninayo nyumbani. Ndiyo niliyofungiwa siku niliyozaliwa, wakati wa vita, mama alipojifungua kwa kupasuliwa. Nusu ya pili, mama alisema ililiwa na mbuzi.

Alipozinduka nikamwuliza. Kwanza aligeukia ukutani.

"Pamba ziliisha," akasema. "Wakapasula kitenge chako. Nusu wakakufunga, nusu wakazibia damu ndani yangu. Docteur akasema nirudie, wakitoe. Kesho yake masasi ya bunduki yakalia, nikakubeba, tukakimbilia kijiji cha Tunda. Kurudi, docteur haiko. Nilizani kilioza zamani."

"Na mbuzi?"

"Ningekuambia kweli, ungezani ni wewe uliniletea ugonjwa."

Nililia palepale, mwanaume mzima na ndevu zangu.

Wewe unayesoma, mama akikwambia ni gesi tu, usiridhike. Mpeleke akapimwe. Wengine wanaumwa kimya ili sisi tulale vizuri.

Na akikusimulia habari za mbuzi, mwulize mbuzi gani.