Fenesi na Nyumba ya Binti

Kipande cha fenesi kimenigharimu dola kumi na mbili, na hapo nilishambembeleza muuzaji wa huku ughaibuni, Silver Spring, mpaka akachoka. Nilipokifungua jikoni, ile harufu ikanirudisha ghorofa ya tatu ya jengo tulilokulia, kwa rafiki yangu wa utotoni, Mhindi wa Kerala, siku ya sikukuu yao ya mavuno. Tulikaa chini, majani ya mgomba mbele yetu, na bibi yake akatupakulia uji mtamu wa fenesi na tui la nazi.

"Kula, mjukuu wangu. Kwetu miti ya fenesi na nyumba ni vya huyu rafiki yako. Vilikuwa vyangu, vikawa vya mama yake. Kwenye ukoo wetu nyumba hurithiwa na binti. Kaka zake huja kutembea tu."

Rafiki yangu alilamba kidole, kama mtu aliyeambiwa kiatu chake ni chake. Wivu ulinishika.

"Na nyumba yenu ya Muheza itakuwa ya nani?" rafiki yangu akaniuliza.

"Ya kaka zangu."

"Sasa wewe utalala wapi?"

Mama alipokuja kunichukua, kwenye ngazi nikamuuliza swali hilohilo. Akacheka. "We mtoto! Si utaolewa?"

Leo asubuhi kaka mkubwa kapiga simu. "Dada, paa la nyumba ya baba kule Muheza linavuja, tuchangie bati." Nimehesabu vyumba vya nyumba ile mara mbili, changu sijakiona. Nyie wenye kaka, nishaurini: nitume hela, au nimuulize kwanza nitalala wapi?