Laptop ilikata sauti asubuhi ya mtihani, na driver haikuwa na kosa lolote

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Kigali na sijayatia chumvi, kwa hiyo mnicheke taratibu.

Kazi yangu ni kupaka vanishi kwenye karakana za samani, Gisozi. Nimekulia Kigoma, Kiswahili ninacho.

Mwaka huu kifua kimegoma. Daktari kanieleza wazi: achana na vanishi.

Nikapata nafasi ya kufanya mtihani wa kuomba kazi ya kufanyia nyumbani, kusikiliza sauti za Kiswahili na kuziandika. Unafanyika kwenye laptop tu, mara moja tu. Jumamosi, saa sita mchana.

Siku hiyo saa kumi na mbili asubuhi nawasha laptop. Kimya.

Nikarestart. Nikafuta driver, nikaweka upya. Troubleshooter ikazunguka weee, ikadai haioni tatizo. Ovyo kabisa!

Speakers hazipo kwenye orodha, imeandikwa Headphones tu. Na mimi earphone sina, zangu zilikufa zamani.

Fundi? Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda. Mtaa mzima uko kwenye kazi ya pamoja, maduka yamefungwa mpaka mkutano uishe. Nikabeba jembe kwenda kuzibua mtaro, roho juu. Lakini nilishaapa, huu mtihani naufanya.

Mtaroni nikakutana na Faustin, jirani yangu, seremala tunayefanya naye kazi.

"Dada, ile computer yako iko salama sasa," akaniambia, anatabasamu. "Juzi ulipoiacha karakanani nimefunga ile shimo ya écouteurs, zile za masikio, na kamti kadogo, vumbi isiingie. Nimepaka na rangi nyeusi. Huwezi hata kuiona!"

Wakuu, jembe lilikuwa mkononi. Mungu tu.

Kumbe laptop ilikuwa inaona kuna earphone imechomekwa, ndiyo maana speakers zilizimwa.

Faustin akataka aje na drill. Nikamwambia kaka, baki na drill yako.

Mkutano ukaisha saa tano na nusu. Nikakimbia nyumbani, nikazima laptop, nikachukua parafujo ndogo kuliko zote za bawaba. Nikaizungusha kwa vidole ndani ya kile kijiti, raundi tatu tu, nisiguse vyuma vya ndani. Nikaivuta kwa koleo.

Kikatoka kizima. Kazi safi ya useremala, lazima niseme ukweli.

Nikawasha. Sauti hiyoo! Nililia, sifichi. Saa sita kasoro dakika nne nikaingia kwenye mtihani.

Nilichojifunza: ukiona Headphones na hujachomeka kitu, mulika tochi kwenye tundu kabla ya kuhangaika na driver. Na tatizo lako litaje mbele za watu mapema. Mimi nilikaa nalo kimya asubuhi nzima, na mwenye jibu alikuwa jirani yangu.

Leo ni wiki ya pili niko kwenye kazi mpya. Nimepanda ngazi za kwetu bila kusimama kukohoa.

Haya, nanyi semeni, laptop zenu zilikutwa na nini?