Reine yangu ya vernis nyekundu

Naandika paka ukweli: Fiston ananiumishaka roho. Ku projet yetu ya nyuki hapa Dilala, mi njo nilitangulia. Yee alikuya nyuma, alitoka kuchimba mawe. Lakini tukifungua muzinga, kila mara yee njo wa kwanza kuona reine, ule mama ya nyuki bote, na bantu banamupigia mikono. Mi nasimama na moshi ku macho, kama bure.

Sasa chef akasema: bageni banakuya kuangalia projet; mwenye atabaonyesha reine mbio, njo atachunga mizinga mupya ya Nzilo. Hapana, Fiston tena? Nilikatala.

Asubui, mbele bageni bafike, niliiba vernis ya dada yangu, ile rangi ya kucha, nikafungua muzinga miye peke. Niliona nyuki moya munono, anatembea polepole kama mama mukubwa. Nikamupaka nukta nyekundu ku mugongo.

Bageni balifika. Nilifungua, nukta ikaonekana mara moya.

"Reine njo huyu!"

"Mbio vile?" chef alishangaa. Bageni bakapiga mafoto. Mi nilikuwa naangalia paka sura ya Fiston.

Fiston aliinama, akamukamata na vidole vitupu.

"We! Utaua reine yangu!"

"Yaya Solange, tulia. Huyu hana mwiba." Akamuweka mu kiganja changu. "Angalia ile macho kubwa. Ni mwanaume."

Chef akasogea, akaangalia ile nukta, kiisha akaangalia vidole vyangu, vyenye vilibakia na ileile nyekundu.

"Na vernis, alijipaka yee mwenyewe?"