Jiwe la Mgonjwa wa Alfajiri

Kwa miaka kumi na tisa, Mama Vichupa alikuwa na kazi moja ambayo haikuandikwa kwenye barua yake ya ajira. Alilipwa kuosha na kutunza vifaa vya chumba cha upasuaji wa figo, na aliviosha kama anayemwogesha mtoto mchanga. Lakini mgonjwa akishatolewa jiwe, yeye ndiye aliyelisuuza, akalitia kwenye kichupa, akaandika tarehe na kumpelekea mwenyewe kitandani. "Haya, mgeni wako huyu hapa," alimwambia. "Mtazame vizuri, muagane." Alishawahi kumwona baba wa miraba minne akilitukana jiwe dogo kama punje ya mchele mpaka wodi nzima ikacheka.

Mashine ya leza waliyoizoea waliiita Mzee. Ilikuwa ikigonga ta-ta-ta, na jiwe likiruka huku na huku, daktari akilifukuza kama mtu anayefukuza kuku uani. Hata hivyo lilipasuka, vipande vikanaswa kwa kikapu kidogo cha waya, na kichupa kikapata cha kuwekwa. Kisha ikaletwa ya pili, imefunikwa shuka jeupe, na siku hiyohiyo ikabatizwa Bibi Arusi. Kipya kinyemi, Mama Vichupa alijisemea, akaendelea kumpangusa Mzee vumbi.

Ndipo alipolazwa yule mwoka mikate, mtu wa miaka thelathini na ushee, aliyefanya kazi kwenye tanuri la baba yake. Maumivu yalikuwa yakimshika kiunoni alfajiri, wakati wa kukanda unga, na baba yake aliona ni uvivu tu. Miaka miwili alimwita "mgonjwa wa alfajiri" mbele ya wateja. Picha za hospitali hakuzitaka. Karatasi, alisema, huandikwa lolote.

"Ameniambia nimletee jiwe alishike," mwoka mikate alimweleza Mama Vichupa asubuhi ya upasuaji. "Mama yangu, nisipotoka na jiwe, mimi kwenye lile tanuri sirudi tena. Nimechoka kuitwa mwongo."

Mama Vichupa alimfuata daktari kwenye sinki, akamkuta akinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akamweleza maneno ya baba mtu na kumwomba amtumie Mzee.

"Lingekuwa limekwama kwenye mrija, ningelivunja na Mzee ukapata vipande vyako," daktari alisema. "Lakini limejificha kwenye kifuko cha chini kabisa cha figo. Uzi wa Mzee, ule wa kupitishia mwanga, ni mnene, kamera haikunjiki nao vizuri mpaka kule. Wa Bibi Arusi mwembamba. Halafu jiwe halirukiruki. Linasagika."

"Lote, daktari?"

"Lote, Mungu akipenda. Nikiacha kipande kwa ajili ya baba mtu, kesho kitakuwa jiwe jingine."

Mama Vichupa akaenda kuandaa vifaa.

Mgonjwa alipolala kwa dawa ya usingizi, kamera ilipanda ndani yake, na kwenye skrini kuta za figo zikaonekana, za waridi na zinazong'aa. Pale chini jiwe lilikuwa limekaa, la kahawia kama ukoko wa mkate ulioungua, utadhani ndiye mwenye nyumba. Mama Vichupa alisubiri ta-ta-ta. Haikuja. Alisikia mvumo mdogo tu, na jiwe likaanza kufuka. Halikuruka wala kupasuka. Lilipungua mbele ya macho yake, vumbi likipanda na kuelea kama linavyoelea kwenye mwanga wa jua dirishani. Miaka kumi na tisa ameyaona mawe yakivunjwa. Kuliona jiwe likiisha, ilikuwa mara ya kwanza. Nywele zilimsisimka. "Subhana," alinong'ona, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu sista naye alikuwa ameduwaa.

Ila alikumbuka kichupa. Maji yaliyokuwa yakiosha figo yalitoka yakiwa na ukungu, na badala ya kuyaacha yaende na mfereji, aliyakinga kwenye jagi. Aliyaacha yatulie, akamwaga ya juu, akasuuza mara tatu, akachuja kwa karatasi, akaanika. Alichopata kilikuwa nusu kijiko cha vumbi. Alikitazama kwa huzuni, maana vumbi kila nyumba inalo.

Baba mtu alifika saa za kutazama wagonjwa, kofia mkononi. Mwanawe alipokiona kichupa aligeukia ukutani.

"Hili ndilo jiwe?" baba mtu aliuliza.

"Ndilo, baba. Mashine imelisaga."

Baba alijimiminia kidogo kiganjani. Kisha, bila kufikiri, akafanya alichokifanya na kila gunia kwa miaka arobaini: akalisugua katikati ya kidole gumba na cha shahada, kuona kama unga una mchanga. Vumbi likamkwaruza, mkono ukasimama. Akasugua tena, taratibu. Mama Vichupa aliuona uso wake ukibadilika.

"Lina meno," baba alisema. "Hata limesagwa, lina meno."

Akasogea mpaka kitandani, kiganja bado wazi, akiogopa kumwaga hata chembe.

"Mwanangu, ulikuwa unakanda na hili ndani?"

"Kila alfajiri, baba."

Baba akakaa ukingoni mwa kitanda, akafumba kiganja, akalia mbele ya wodi nzima.